Afya ni haki: Je, tunamdai nani?



Kamati kadhaa za sharika zimetuomba tueleze kwa lugha nyepesi jambo linalojitokeza karibu katika kila semina tunayoendesha: kauli kwamba afya ni haki ya binadamu, na swali la nani anawajibika nayo. Tunaanza na swali hilo kama tulivyoulizwa Rungwe Mpya, wilayani Kasulu, kwa sababu tangu siku ile hatujampata mtu aliyeliuliza vizuri zaidi.

Tulikuwa tumemaliza kipindi cha asubuhi. Kwenye bango kitita tulikuwa tumeandika kwa kalamu nyekundu kwamba kila mtu ana haki ya afya. Mzee mmoja wa kanisa, mkulima wa maharage, akanyoosha mkono. "Mratibu," akasema, "mimi nikimkopesha mfanyabiashara gunia la maharage, namjua jina, najua duka lake liko wapi Kasulu mjini, na najua siku ya kumfuata. Ninyi mmesema nina haki. Haki ni deni. Sasa ninamdai nani, na nimfuate wapi?"

Watu walicheka, kisha wakanyamaza wakitusubiri. Tulijibu kwamba ni jukumu letu sote. Mzee akaketi kwa adabu, kama mtu aliyeambiwa kwamba gunia lake litalipwa na soko zima. Deni la namna hiyo sote tunajua hulipwa lini. Makala hii ni jaribio la kumpa jibu lililo bora kuliko lile.

HAKI YA KITU GANI?

Kwanza tuondoe dhana moja potofu. Haki ya afya haimaanishi kwamba mtu ana haki ya kutougua. Hakuna serikali, daktari wala mchungaji anayeweza kuahidi hilo. Maana yake ni haki ya kupata huduma na mazingira yanayomwezesha mtu kufikia kiwango cha juu kabisa cha afya kinachowezekana kwake: maji safi, chanjo, lishe, elimu ya afya, na matibabu anapougua, bila kubaguliwa.

Maneno haya hayakutungwa na mashirika yasiyo ya kiserikali. Yamo katika Katiba ya Shirika la Afya Duniani iliyotiwa saini mwaka 1946 na kuanza kutumika tarehe 7 Aprili 1948. Yamo katika Ibara ya 25 ya Tamko la Haki za Binadamu la mwaka 1948, na katika Ibara ya 12 ya Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiuchumi, Kijamii na Kiutamaduni wa mwaka 1966, ambao Tanzania ilijiunga nao mwaka 1976. Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1984, unaitaja haki hiyo katika Ibara ya 16. Kwa hiyo nchi yetu imeweka saini zaidi ya mara moja.

Mwaka 2000 kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba ule wa 1966 ilifafanua namna ya kuipima haki hii. Huduma iwepo, ifikike, ikubalike, na iwe na ubora. Maneno hayo manne yanaonekana ya kiofisi, lakini kijijini kila mtu anayaelewa. Jengo lenye bati jipya na mlango uliofungwa kwa kufuli si huduma iliyopo. Zahanati iliyo kilometa chache tu haifikiki iwapo mto umefurika mwezi wa Aprili, wala haifikiki kwa mtu ambaye mfukoni hana hata senti, wala kwa bibi asiyejua kwamba kwa umri wake na hali yake hapaswi kutozwa. Chumba cha kujifungulia kisicho na pazia, kikitazamana na benchi la wagonjwa, hakikubaliki kwa mama wa Kiha wala kwa mama wa mahali pengine popote. Na kuhusu ubora hatuna haja ya kusema mengi: kila msomaji ana kumbukumbu yake.

MDAIWA WA KWANZA

Jibu fupi kwa mzee wetu ni kwamba mdaiwa wa kwanza ni serikali. Ndiyo iliyotia saini mikataba, na ndiyo inayokusanya kodi. Inadaiwa mambo matatu. Iheshimu haki hiyo, yaani yenyewe isiwe chanzo cha kumzuia mtu kupata huduma. Ilinde, yaani isiruhusu mwingine kuiharibu, kwa mfano muuza dawa bandia. Na iitimize, yaani itenge fedha, iajiri wahudumu na kuleta dawa. Nchi maskini haidaiwi kufanya yote kwa siku moja. Inadaiwa kupiga hatua mbele mwaka hadi mwaka, na isibague tangu siku ya kwanza, maana kutobagua hakuhitaji bajeti kubwa.

Hapa lazima tuwe wakweli kuhusu sheria. Katiba yetu ya mwaka 1977 inalinda haki ya kuishi katika Ibara ya 14. Ibara ya 11 inazungumzia haki ya mtu kupata msaada wakati wa uzee, maradhi au ulemavu, lakini imo katika sehemu ambayo Ibara ya 7 inasema haiwezi kutekelezwa na mahakama. Wenzetu wa Kenya, katika Katiba yao ya mwaka 2010, waliandika haki ya afya waziwazi katika Ibara ya 43, na raia anaweza kuidai mahakamani. Mzee wa Rungwe Mpya hawezi kwenda mahakamani akiwa ameshika Ibara ya 11. Hata hivyo, deni lisilo na mahakama si deni lililofutwa. Hudaiwa kwa njia nyingine: kwenye mkutano wa kijiji, kwa diwani, kwenye bajeti ya halmashauri, na kwenye sanduku la kura.

Namna ya kulipa deni hili imebadilika mara nyingi. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 matibabu katika vituo vya serikali yalikuwa bure, na mwaka 1977 tiba ya kibinafsi ya kutafuta faida ilipigwa marufuku, hadi iliporuhusiwa tena mwaka 1991. Mwaka 1993 ukaanza uchangiaji wa gharama. Mwaka 2001 ikaja sheria ya Mfuko wa Afya ya Jamii, na mwaka 2018 mfuko huo ukaboreshwa ili kaya ya watu sita ichangie shilingi 30,000 kwa mwaka. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa na Bunge mwaka 2023. Katikati ya hayo kulikuwa na Mpango wa Maendeleo ya Afya ya Msingi, MMAM, wa mwaka 2007 hadi 2017, ulioahidi zahanati katika kila kijiji na kituo cha afya katika kila kata. Muda wa mpango uliisha huku vijiji vingi nchini vikiwa na maboma tu: kuta zilizoinuliwa na wananchi kwa matofali yao ya kuchoma hadi usawa wa linta, zikisubiri bati.

Tunayataja maboma hayo kwa makusudi. Mara kwa mara tunasikia ikisemwa kwamba wananchi wamezoea kupewa. Wanakijiji waliobeba mchanga, maji na mawe, na kuchanga kwa kila kaya, wamekwisha kulipa sehemu yao, tena kabla ya mdaiwa mkuu.

Je, serikali inaweza kulipa? Mwaka 2001 wakuu wa nchi za Afrika waliahidi mjini Abuja kutenga asilimia 15 ya bajeti zao kwa ajili ya afya. Tanzania imekuwa chini ya kiwango hicho. Lakini pale ilipoamua kuweka nguvu, matokeo yameonekana. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015/16 ulikadiria vifo vya wajawazito kuwa 556 kwa kila vizazi hai 100,000. Ule wa mwaka 2022 ulikadiria 104. Malaria nayo inatukumbusha kazi iliyobaki: katika utafiti wa mwaka 2017 mkoa wetu wa Kigoma ulikuwa wa kwanza nchini, takriban mtoto mmoja kati ya wanne akikutwa na vimelea.

MAHALI PA KUMFUATA

Mzee hakuuliza jina tu. Aliuliza na duka.

Wizara ya Afya hutunga sera. Zahanati, kituo cha afya na hospitali ya wilaya za serikali ziko chini ya halmashauri. Dawa hununuliwa kutoka Bohari ya Dawa, MSD. Lakini mahali pa karibu zaidi, ambapo mkulima anaweza kufika kwa miguu na kuuliza habari za fedha, ni kamati ya usimamizi ya zahanati yenyewe. Katika semina zetu tumegundua kwamba wengi hawajui kama ipo. Wengine wanaifahamu, ila wanadhani ni kamati ya kufyeka nyasi.

Tangu mwaka wa fedha 2017/18 utaratibu ulibadilika. Zamani fedha za Mfuko wa Pamoja wa Afya zilikaa halmashauri, na zahanati ililetewa vitu. Kuanzia wakati huo fedha zikaanza kuingia moja kwa moja katika akaunti ya benki ya kila kituo, hata zahanati ndogo. Humo huingia pia malipo ya bima na ya papo kwa papo. Kamati, ambayo mganga mfawidhi ni katibu wake na wajumbe wake wanatokana kwa sehemu kubwa na wananchi, hushiriki kupanga na kupitisha matumizi. Kwa maneno mengine, kuna daftari, kuna akaunti, na kuna watu waliochaguliwa na kijiji wenye haki ya kuvitazama. Duka ndilo hilo.

Sasa tazama kinachotokea kamati ikilala. Sera inasema wajawazito, watoto chini ya miaka mitano, wazee wa miaka 60 na kuendelea wasio na uwezo, na wagonjwa wa maradhi kama kifua kikuu na ukoma watibiwe bila malipo. Mama anafika na mtoto mwenye homa. Anaandikishwa bure, anapimwa bure, kisha anapewa karatasi: dawa hakuna, kanunue duka la dawa muhimu. Msamaha wake ni wa kweli, umeandikwa, na haumsaidii chochote, kwa sababu rafu ni tupu. Anauza kuku au debe la mahindi. Kwa nini rafu ni tupu? Huenda fedha zimechelewa. Huenda maagizo hayakupelekwa kwa wakati. Huenda MSD haikuwa na dawa hiyo. Huenda zilifika na zikatoka kwa mlango wa nyuma. Haya ni majibu manne tofauti, na kila moja lina mdaiwa wake. Asiyeuliza atamlaumu muuguzi aliye mbele yake, ambaye pengine ndiye mhudumu pekee na amekesha na mzazi usiku kucha.

Jambo jingine la kujua kabla hatujaendelea: mama mjamzito, aliyejifungua au mtoto mchanga akipatwa na dharura, namba ya kupiga ni 115, bila malipo. Ni mpango wa m-mama, unaotafuta gari la wagonjwa au dereva wa jamii aliyesajiliwa. Tafadhali itangazeni kanisani.

KOSA LETU

Wafadhili wetu watatuvumilia tukieleza kosa ambalo ni letu wenyewe. Miaka kadhaa iliyopita, katika kijiji ambacho hatutakitaja, mradi wetu ulikuta rafu tupu kama hiyo. Tuliguswa. Tulinunua dawa, magodoro na vifaa vya kujifungulia, tukarudia mwaka wa pili na wa tatu. Picha zilikuwa nzuri, na baadhi yake zilichapishwa katika jarida hili. Tulichoshindwa kuona ni kwamba katika miaka hiyo kamati ya zahanati iliacha kukutana. Hapakuwa na sababu ya kukutana. Hakuna aliyeuliza mgao wa kijiji umekwenda wapi, maana dawa zilikuwapo.

Ufadhili ulipokwisha, ujumbe wa wanakijiji ulikuja ofisini kwetu. Hawakwenda halmashauri. Walituuliza kwa upole, "Dawa zenu zitakuja lini?" Neno lile "zenu" lilituuma kuliko lawama yoyote. Tulikuwa tumelipa deni la mtu mwingine kwa muda mrefu hata mwenye deni akasahaulika, na mwenye haki akageuka kuwa mwombaji mlangoni kwetu.

Linganisheni na kazi iliyoanza mwaka 2006 katika mkoa wetu kwa fedha za Bloomberg Philanthropies. Vituo vya afya vya serikali vilikarabatiwa na kupewa vyumba vya upasuaji. Madaktari wasaidizi wakafundishwa upasuaji wa dharura wa uzazi, na wengine kutoa dawa ya usingizi. Jengo lilikuwa la serikali, mhudumu alikuwa wa serikali, na mfadhili alipopunguza mkono vituo havikuwa yatima. Hatusemi kazi ile haikuwa na matatizo. Tunasema tu ilijua deni ni la nani.

MKIMBIZI NA MWENYEJI

Swali la pili la siku ile liliulizwa na mama mmoja wa umoja wa wanawake, na lilikuwa gumu zaidi. "Mkimbizi akiugua anatibiwa bure. Mimi niliyezaliwa hapa naambiwa nilipe. Haki yangu iko wapi?"

Kwa wasomaji walio mbali: wilaya ya Kasulu ndiyo yenye kambi ya Nyarugusu, iliyofunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongo, na mwaka 2015 ikapokea Warundi kwa makumi ya maelfu. Mwaka huohuo kambi ya Nduta, wilayani Kibondo, ilifunguliwa upya. Wenyeji wa Kasulu na Kibondo wamepokea wageni kwa vizazi kadhaa, na wametoa kuni, maji na ardhi. Lalamiko la mama huyu halikuwa chuki.

Tulimjibu hivi. Haki ya afya ni ya mtu, haiulizi kitambulisho. Mkimbizi anaipata kwa kuwa ni binadamu, kama yeye. Tofauti iko kwa anayelipa. Matibabu ya kambini yamelipwa zaidi na fedha za kimataifa, ya kijijini yanategemea halmashauri. Kosa basi si kwamba mkimbizi anatibiwa. Kosa ni kwamba mwenyeji hatibiwi vivyo hivyo, na kwa hilo mdaiwa hayumo kambini. Tena wenyeji wengi wametibiwa katika hospitali za kambi hizo, na wanaozikaribia wanalijua hilo kuliko sisi.

Lakini tulimwambia pia jambo ambalo hakulitarajia: kwamba lile la mkimbizi ndilo dhaifu zaidi. Mwaka 2025 serikali ya Marekani ilisitisha sehemu kubwa ya misaada yake ya nje, na shirika la USAID lilikoma kazi tarehe 1 Julai mwaka huo. Waliokuwa wakipata huduma hawakuulizwa. Msaada hauna mkutano wa kijiji ambapo mtu anaweza kusimama na kuuliza.

KANISA LISIMAME WAPI?

Baadhi ya waumini wanatuuliza: kama mdaiwa ni serikali, kwa nini tutoe sadaka kwa ajili ya afya? Kanisa limekuwa katika kazi hii siku nyingi. Mwaka 1964 Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani na Baraza la Makanisa Ulimwenguni waliitisha mkutano Tübingen, Ujerumani, kujiuliza kama uponyaji ni kazi ya hospitali za misioni tu au ya usharika mzima. Mawazo yaliyotoka humo yalizaa Tume ya Kikristo ya Tiba mwaka 1968, na tume hiyo ilichangia fikra za afya ya msingi zilizotangazwa Alma-Ata mwaka 1978. Mwaka huohuo wa 1964 lilianzishwa shirika la TCRS kuwahudumia wakimbizi nchini. Na mwaka 1992 makanisa na serikali walitia saini makubaliano yaliyozaa Tume ya Kikristo ya Huduma za Jamii, CSSC. Hospitali ya kanisa iliyoteuliwa kuwa hospitali ya wilaya inaifanyia serikali kazi kwa mkataba, na ina haki ya kuidai serikali fedha za kazi hiyo. Hapo hapo nayo inadaiwa: mgonjwa maskini anayefika mlangoni pake hapotezi haki yake kwa sababu juu ya paa kuna msalaba.

Tunavyoona sisi, sadaka ina mahali pake. Ni kwa yule ambaye deni likichelewa hata kwa siku moja atakufa. Ni kwa nauli ya bibi asiye na mtu. Ni kwa kumfundisha mjumbe wa kamati kusoma taarifa ya mapato na matumizi. Msamaria wa Injili ya Luka alilipa dinari mbili kwa mwenye nyumba ya wageni na akaahidi kurudi. Tunawaomba wafadhili wetu waipende hiyo sehemu ya kurudi. Msitupime kwa idadi ya makopo ya dawa tuliyogawa. Tuulizeni kamati ngapi za zahanati zilikutana robo hii, na ngapi zilibandika taarifa ukutani.

Nazo kamati za sharika, kabla ya kutuandikia maombi ya kununua dawa, tunaomba mtuambie mambo machache: kamati ya zahanati yenu ilikutana mara ya mwisho lini, katika usharika nani ni mjumbe wake, na ni dawa gani zilizokosekana katika miezi mitatu iliyopita na kwa sababu ipi. Maombi yasiyo na majibu hayo tutayarudisha. Tunajua itaudhi.

Rungwe Mpya wamekwisha kuanza. Kamati ya usharika ilikuwa imeweka kando sehemu ya fedha za sikukuu ya mavuno kwa ajili ya kununua dawa. Baada ya majadiliano marefu, mengine ya sauti ya juu, wameamua fedha hizo zibaki kwa mhasibu kwanza. Wameandika barua kwa mwenyekiti wa kijiji kuomba taarifa ya zahanati iwe ajenda katika mkutano mkuu wa kijiji unaofuata, na nakala tunayo. Mzee wetu wa maharage amesema atagombea ujumbe wa kamati ya zahanati nafasi ikipatikana. Mkutano wenyewe bado haujafika. Ametutumia ujumbe mfupi kwa simu ya mjukuu wake kwamba siku ya kumfuata mdaiwa sasa anaijua, na kwamba atakwenda na kalamu.